Nani Aliyempa Utani? Mjadala juu ya Trey Parker na Uganda ya jukwaani

Tarehe 24 Machi 2011, katika ukumbi wa Eugene O'Neill mjini New York, lilizinduliwa onyesho la muziki liitwalo The Book of Mormon. Vijana wawili wa Kimarekani, mashati meupe, tai nyeusi, beji ya jina kifuani, wanatumwa na kanisa lao kuhubiri katika kijiji kimoja cha Uganda. Juni mwaka huohuo lilitwaa tuzo 9 za Tony, ikiwemo ile ya onyesho bora la muziki. Mwaka 2013 likavuka bahari hadi ukumbi wa Prince of Wales, London. Sidhani kama ipo hadithi nyingine ya jukwaani inayojiita ya Uganda iliyotazamwa na watu wengi kiasi hicho, na waliotazama karibu wote si Waganda.

Aliyelitunga ni Trey Parker, pamoja na mwenzake wa miaka yote Matt Stone na mtunzi wa muziki Robert Lopez. Namheshimu sana Parker kama fundi, na onyesho hili linaniuma. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja ndani yangu muda mrefu, na njia ya haki niliyoiona ni kuyapa sauti tofauti yabishane mbele ya msomaji. Wapo wanne: mwalimu wa maigizo wa Dar es Salaam, kijana mchekeshaji wa jukwaani Nairobi, dada mshonaji wa mavazi ya maigizo Kampala, na mzee wa Mombasa, muumini na mpenzi wa taarabu. Sauti nimezibuni mimi. Hoja nimezisikia kwa watu wengi, zikitolewa kwa dhati.

MWALIMU: Nianze na ufundi. Tukimhukumu msanii kabla hatujajua mikono yake inafanya nini, tutakuwa tunamhukumu mtu mwingine. Parker amezaliwa 1969 na kukulia Conifer, mji mdogo wa milimani huko Colorado. Stone amezaliwa Texas mwaka 1971, akakulia Littleton, hukohuko Colorado. Walikutana Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, wakisomea filamu. Kazi yao ya kwanza ndefu ni ya 1993, na inamhusu Alferd Packer, mtafuta dhahabu wa karne ya 19 aliyekwama kwenye theluji na kutuhumiwa kuwala wenzake. Watu wanakufa kwa njaa na baridi, na wanaimba. Wanaimba tuni tamu za Broadway, za kumfanya mtu apige mguu chini. Humo ndimo alimo Parker mzima: jambo la kutisha, na muziki unaolipenda.

MCHEKESHAJI: Watu husahau hilo, Mwalimu. Wanadhani alikuwa mtu wa katuni akaja kujaribu muziki uzeeni. Muziki ulitangulia.

MWALIMU: Ulitangulia kabisa. Hata kabla ya Boulder alipita kidogo chuo cha muziki cha Berklee. Katuni ilikuja kwa bahati. Mwaka 1995 bosi mmoja wa televisheni aliwalipa watengeneze mkanda wa video wa kuwatumia marafiki zake badala ya kadi ya Krismasi. Wakakata karatasi za rangi, wakazipiga picha moja moja. Mkanda ukanakiliwa mkono kwa mkono hadi ukamfikia kila mtu Hollywood. Tarehe 13 Agosti 1997 South Park ikaanza kwenye Comedy Central: watoto wanne wa shule ya msingi katika mji wa theluji, midomo michafu, wazazi wapumbavu kuliko watoto. Miaka miwili baadaye ikaja filamu yao ya sinema, na filamu hiyo ni onyesho la muziki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo mmoja, ambao wazazi wanailaumu Kanada kwa tabia mbovu za watoto wao, uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Wazazi hao wanaingia vitani na nchi jirani ili wasijitazame wenyewe. Hiyo ni tashtiti ya daraja la juu, na imeandikwa na vijana ambao hawakuwa wamefika miaka thelathini.

MCHEKESHAJI: Mimi kinachonishinda ni kasi. Kipindi kimoja cha South Park hutengenezwa kwa siku sita. Alhamisi wanakaa mezani hawana kitu, Jumatano inayofuata kinarushwa. Parker anaandika, anaongoza, anatunga nyimbo, anaigiza sauti za nusu ya wahusika. Novemba 2008 Obama alishinda uchaguzi Jumanne usiku, na Jumatano kipindi chao kilikuwa hewani kikiuchambua ushindi wenyewe. Sisi Nairobi tulikuwa na XYZ Show ya mchoraji katuni Gado kuanzia 2009, vile vikaragosi vya mpira vya wanasiasa, na aliyefanya kazi ya namna ile anajua uzito wa kumfinyanga waziri mpya kila baraza la mawaziri linapobadilishwa. Siku sita! Walichelewa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, umeme ulipokatika studio.

MZEE: Kasi ni sifa ya farasi, mwanangu. Nami nauliza huyo farasi anamkanyaga nani.

MCHEKESHAJI: Kila mtu, Mzee. Ndiyo hoja yake. Wakatoliki, Wayahudi, Waislamu, wasioamini, matajiri wa Hollywood, chama hiki na kile. Mwaka 2005 waliwagusa wafuasi wa Sayansiolojia, na Isaac Hayes, mwanamuziki mkubwa aliyekuwa sauti ya mpishi wa shule, alikuwa wa dini hiyo. Machi 2006 ikatangazwa ameacha kazi. Stone akajibu kwamba dini za wengine zilipoguswa Hayes hakulalamika.

MZEE: Mkuki kwa nguruwe.

MWALIMU: Tusimalize haraka hivyo. Miaka kumi baadaye mtoto wa Hayes alieleza kwamba baba yake alikuwa amepata kiharusi na hakuwa katika hali ya kujiamulia. Watu waliomzunguka ndio walioamua. Hayes alifariki 2008, na kicheko cha watu juu ya kuondoka kwake kilikuwa kimeshakwisha zamani.

MZEE: Mnaona? Basi nami niseme langu wazi, maana mnajua mlichokuwa mnakingoja kutoka kwangu. Mwaka 2010 walitaka kumweka Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ndani ya katuni yao. Watu wakatoa vitisho. Kituo cha televisheni kikafunika picha, kikafunika hata maneno. Mimi sikufurahia walichokitaka wale wa katuni, na sikufurahia vitisho. Mtu akinitukania nilichokithamini, nina ulimi. Babu zetu Mombasa na Lamu walipigana kwa mashairi kabla ya mikuki na baada ya mikuki. Muyaka bin Haji alikuwa silaha ya Mombasa. Siti binti Saad aliimba juu ya Kijiti, mwuaji aliyetoroka bara huku mahakama ya Unguja ikiwabana mashahidi, na mji mzima ukajua mahakama imetiwa aibu. Sikuja hapa kutetea ukimya. Nataka kujua tu, anayecheka amesimama wapi na mwenziwe amesimama wapi.

MWALIMU: Hapo, Mzee, umenifikisha nilipotaka. Kwetu bara tuna utani. Wanyamwezi walishuka na misafara hadi pwani, wakakutana na Wazaramo, wakapigana maneno, wakazoeana, na mpaka leo Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo jambo ambalo akilisema mtu mwingine zitapigwa ngumi. Lakini mtani ana deni. Msiba ukitokea ndiye wa kwanza kufika. Atapasua kuni, atachimba kaburi, atalala ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka alipwe, atamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Na akimaliza, kesho zamu ni ya mwenziwe. Haki ya kumdhihaki mtu inanunuliwa kwa kumjua, kwa kumhudumia na kwa kukubali kujibiwa.

MCHEKESHAJI: Na Parker umemweka wapi?

MWALIMU: Kwa Wamormoni, Parker ni mtani halali. Colorado inapakana na Utah, makao ya kanisa lao, amekua akiwajua. Alianza nao 1997 katika filamu yake moja ambayo shujaa ni mmisionari Mmormoni. Mwaka 2003 akarudi nao kwenye South Park: familia ya Kimormoni inahamia mjini, wana adabu, wanapendana, kila mtu anawashangaa. Kipindi kinaisimulia historia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa lao, na yale mabamba ya dhahabu bila huruma. Halafu mwishoni neno la mwisho anapewa mtoto wa Kimormoni. Anasema kwamba huenda hadithi hizo ni za kubuniwa, lakini dini imemfundisha kuipenda familia yake, na anayejiona mjanja hapo ni yule aliyemkejeli. Mwaka huohuo Parker na Stone wakaenda kutazama Avenue Q, wakakutana na Lopez aliyeshiriki kuitunga, wakagundua wote watatu wanataka kuandika juu ya Joseph Smith. Wakasafiri hadi Salt Lake City, wakaongea na watu waliowahi kuwa wamisionari. Na hilo linaonekana jukwaani. Ule wasiwasi wa kijana wa miaka 19 anayengoja kuambiwa atapelekwa nchi gani. Ile furaha ya lazima. Namna wanavyofundishwa kuizima hisia mbaya kama taa. Habari kwamba watu weusi walizuiliwa ukuhani wa kanisa hilo mpaka 1978. Kila shabaha imepigwa kwa karibu, na mtu anayeijua nyumba.

MZEE: Na wenyewe walijibuje?

MWALIMU: Walijibu kama watani. Kanisa halikwenda mahakamani. Lilitoa tamko fupi la upole, kisha likanunua matangazo ndani ya kitabu cha programu ya onyesho lenyewe, likimwambia mtazamaji kwamba tamthilia ameshaiona, sasa asome kitabu.

MZEE: Hao nimewapenda.

DADA: Sasa mimi niulize. Uganda ilinunua tangazo gani?

MWANDISHI: Nilitaka swali hili lije mapema, na nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu ndivyo onyesho lenyewe linavyofanya: linakupendeza kwanza. Dada, endelea, na usiharakishwe.

DADA: Mimi nashona. Nikipewa mhusika nauliza anatoka wapi, analima au anauza, mama yake alivaa nini. Nimejaribu kuwavalisha wanakijiji wa onyesho hili na nimeshindwa, maana hawatoki popote. Wengi wana UKIMWI, wana njaa, wako chini ya mbabe wa vita ambaye jina lake ni tusi, lililotokana na jina la mpiganaji wa Liberia, upande wa pili wa Afrika. Ana mpango wa kuwakeketa wanawake wote wa kijiji. Daktari yupo, na kazi yake kubwa jukwaani ni kutangaza mara kwa mara kwamba ana funza sehemu za siri. Wanaimba wimbo wenye maneno ya lugha ambayo haipo. Uganda tuna lugha zaidi ya arobaini, na walioandika wakaona ni rahisi zaidi kubuni sauti zinazofanana na Afrika, halafu maana yake ikawa tusi kwa Mungu. Jina moja tu limetoka nyumbani kweli: Nabulungi, msichana mkuu wa hadithi. Na utani unaorudiwa juu yake ni kwamba kijana anayempenda hawezi kulitamka. Anamwita majina ya sabuni na dawa za dukani.

MCHEKESHAJI: Dada, samahani, hapo nakukatiza kwa heshima. Mjinga katika utani huo ni yule kijana! Ukumbi unamcheka yeye. Na ule wimbo wa lugha ya kubuni unamcheka nani? Unaicheka sinema ya simba ya Disney, ile Afrika ya hakuna matata, ambayo Wamarekani wamelelewa nayo. Kipande cha pili kina wimbo ambao wale vijana weupe wanajitangaza wenyewe kuwa ndio Afrika, wanataja nyani na macheo ya jua na mkuki wa Kizulu. Huyo ni kila mwanamuziki wa Ulaya aliyewahi kuja kwetu kupiga picha na mtoto mwenye nzi usoni. Tangu mwaka wa kwanza wa South Park, 1997, walifanya hivyo: mtoto wa Ethiopia aletwa kwa makosa Marekani badala ya saa ya mkononi iliyoagizwa, na anayeumbuliwa ni mwanamke wa Kimarekani wa matangazo ya misaada aliyejifungia na chakula. Na zaidi ya yote, nani mwenye akili mwishoni? Nabulungi anavunjika moyo alipogundua kwamba mahubiri yalikuwa ya kubuniwa. Wanakijiji wanamshangaa. Wanamwambia ni mafumbo, alidhani wao waliamini neno kwa neno? Wamarekani wawili ndio hawakujua. Hiyo ni heshima.

DADA: Ni heshima ya dakika mbili baada ya saa mbili. Nimekusikia, na hoja yako ya sinema ya simba naikubali yote. Lakini mtu akitaka kuumbua picha ya uongo, lazima mahali fulani aweke ya kweli pembeni yake, hata kwa ufa mdogo, ili tuone tofauti. Kwa Wamormoni ameweka. Kwetu ameumbua uongo kwa kutumia uongo uleule. Watazamaji wenye kujua wanacheka jambo moja, wasiojua wanacheka jingine, na tiketi ni ile ile.

Nikupe mfano wa UKIMWI, maana ndio moyo wa jambo hili kwangu. Kwenye onyesho, wanakijiji wanangoja Wamarekani wawili wawaeleze kwamba kumnajisi mtoto mchanga hakuponyi. Uganda ya kweli ilikuwa na Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki kwa ugonjwa huo, na mwaka 1987 akaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, pamoja na wenzake, watu wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe, wakati ambao kwingine watu walikuwa wananong'ona. Uganda ya kweli ilikuwa na Philly Lutaaya, nyota wa muziki, aliyerudi nyumbani 1989 akasimama mbele ya watu akasema ana virusi. Alizunguka mashuleni na makanisani akiwa amekonda, akiimba, na Desemba mwaka huo akafa. Vikundi vya wagonjwa viliimba na kuigiza vijijini. Maambukizi yalishuka katika miaka ya 1990 na wataalamu wa dunia walikuja kujifunza kwetu. Nchi iliyotumia wimbo na maigizo kukabili UKIMWI ndiyo iliyogeuzwa, katika onyesho la nyimbo na maigizo, kuwa nchi isiyojua kitu kuhusu UKIMWI.

Na huo ukeketaji: kwetu ni desturi ya jamii chache za mashariki, kama Wasabiny wa Kapchorwa. Wazee wa Wasabiny wenyewe walijiunga kuipinga, wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa ya idadi ya watu mwaka 1998. Sheria ya kuupiga marufuku ilianza kutumika 2010, mwaka mmoja kabla ya onyesho kuzinduliwa. Sisemi wangeyaimba hayo yote. Nasema Salt Lake City walikwenda. Ndani ya kazi yenyewe sioni alama ya safari kama hiyo kwenda Kapchorwa, au hata kwenye maktaba.

MCHEKESHAJI: Kejeli si somo la jiografia.

MWALIMU: Kwa Utah ilikuwa somo la jiografia.

MCHEKESHAJI: ...Sawa. Hilo nimelimeza.

MZEE: Dada, hebu niambie, ninyi Kampala hamkuwa na watu wenu wa kuimba tashtiti jukwaani?

DADA: Mzee, tulikuwa nao kabla Parker hajamaliza shule ya msingi. Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, wimbo wa jogoo: onyesho la muziki kwa Kiganda, mafumbo matupu juu ya madaraka. Mwaka 1977 lilipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa. Waliporudi, watu wa Idi Amin walimchukua pale pale ukumbini. Aliuawa. Miaka ya 1990 Alex Mukulu akaja na Thirty Years of Bananas, miaka thelathini ya uhuru wetu ikichezwa na kuimbwa, vicheko na maiti pamoja. Mwaka 2020 kikundi cha Bizonto kilikamatwa kwa kipande kifupi cha vichekesho kuhusu viongozi na wanakotoka. Uganda ya kejeli ipo, ina historia, ina mashujaa wake waliozikwa. Anayekwenda ukumbini London atatoka akidhani sisi hatujawahi kucheka isipokuwa kwa kufundishwa.

MWANDISHI: Kisa cha Kawadwa kila nikikisoma hunikalia vibaya siku nzima, na nadhani msomaji anapaswa kukishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika hizi habari: mwaka 2021 Parker na Stone walisaini mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 900.

MCHEKESHAJI: Na hapo siwakubalii. Msimtoze Parker kodi kwa kuwa hakuuawa. Kosa la Amin si lake. Mtu apimwe kwa alichokifanya na nafasi aliyopewa, na hapo mimi nitamtetea mpaka taa zizimwe. Oktoba 2019 waliikejeli China na makampuni ya Kimarekani yanayoilamba miguu. Kazi yao ikafutwa kwenye mitandao ya China, soko ambalo kila mtu Hollywood analiogopa, wakajibu kwa kuomba radhi ya kuwakejeli zaidi. Julai 2025 walikuwa wametoka tu kusaini mkataba mpya na Paramount, zaidi ya dola bilioni moja. Kampuni hiyo ilikuwa inangoja serikali ya Trump iidhinishe muungano wake na kampuni nyingine, na ilikuwa imeshamlipa Trump dola milioni 16 kumaliza kesi. Kipindi cha kwanza cha msimu kikamweka Trump kitandani pamoja na Shetani, na kikayataja malipo hayo. Ikulu ya Marekani ikatoa tamko la hasira. Nani kwetu anayemuuma tajiri wake mkono namna hiyo?

Nawaambia ninyi, mimi ninayepanda jukwaani. Wachekeshaji wa Redykyulass walimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu, na sisi watoto tulidhani kesho hatutawaona. Gado alimchora Rais Kikwete, gazeti lake likapata taabu Tanzania, na mwaka uliofuata kazi yake pale ikaisha. Mchekeshaji Idris Sultan wa Tanzania aliswekwa ndani 2020 kwa kucheka picha ya zamani ya rais. Kucheka, Mzee! Kwa hiyo mtu mwenye fedha zote hizo anapokataa kunyamaza, mimi namhitaji. Namhitaji kama ushahidi kwamba inawezekana.

MZEE: Hilo nimelikubali, na limenigusa. Ila umejibu swali ambalo dada hakuuliza. Ushujaa mbele ya rais haukuambii kitu kuhusu anavyomtendea mtu asiye na sauti ukumbini. Wako mashujaa wa vita waliowapiga wake zao.

MWALIMU: Tena Parker mwenyewe ameonyesha kwamba anaweza kujisahihisha. Mwaka 2006 alimkejeli mwanasiasa Al Gore na hofu yake ya mabadiliko ya hali ya hewa, akaigeuza hofu hiyo kuwa zimwi la kubuni. Mwaka 2018 zimwi likarudi katika vipindi viwili, likawa la kweli, na watoto wa South Park wakaenda kumwomba Gore msamaha. Na hili onyesho la Uganda limeguswa pia. Mwaka 2020, Marekani ilipokuwa inawaka baada ya kifo cha George Floyd, waigizaji weusi waliolicheza, wa zamani na wa wakati ule, waliwaandikia watunzi barua wakieleza mashaka yao. Kabla halijafunguliwa tena Novemba 2021, watunzi walikaa na waigizaji, wakalipitia andiko sehemu kwa sehemu, wakampa Nabulungi uzito zaidi. Zamani msichana huyo alikuwa anatumia taipureta akidhani ni chombo cha kutuma ujumbe wa simu. Sasa ana tableti.

DADA: Miaka kumi alikuwa na taipureta.

MWALIMU: Miaka kumi.

DADA: Katika nchi ambayo mama yangu alikuwa akinitumia hela kwa simu nikiwa shuleni. Nawashukuru wale waigizaji kwa dhati, maana wao ndio waliosimama kila usiku wakiyasema maneno yale na kuyabeba mwilini. Lakini tazameni nani aliyeandika barua: Wamarekani weusi, ambao Uganda ni yao kwa rangi tu. Uganda yenyewe bado haijaulizwa.

MCHEKESHAJI: Basi mimi napendekeza liletwe. Lichezwe Ukumbi wa Taifa, Kampala, neno kwa neno, halijapunguzwa matusi. Waganda walicheke au walizomee wenyewe. Tumekuwa tunawasemea hapa saa nzima.

MZEE: Mtafungwa kabla ya wimbo wa pili.

MCHEKESHAJI: Tukifungwa tutakuwa tumejua kitu.

DADA: Mimi ningekubali kulishona, kwa masharti. Wanakijiji wakiwa peke yao waongee Kiganda au Kiacholi, kwa kasi ya kawaida, na wale vijana wawili wasitafsiriwe. Daktari nimpe koti lake jeupe lililofifia na foleni ya wagonjwa. Na yule kijana akimwita Nabulungi jina la sabuni, Nabulungi ageuke ampe yeye jina, kwa Kiganda, jina la kumdumu, kijiji kizima kilipokee, akawa anaitwa hivyo mpaka mwisho wa onyesho bila kujua ameitwa nani. Watunzi nao waje, wakae safu ya mbele, wasikie ukumbi umeangua kicheko wasichokielewa.

MWALIMU: Na wakiuliza maana yake?

DADA: Waambiwe watafute Mganda awaeleze. Akae nao, wamnunulie chai, iwachukue jioni nzima.

MZEE: Na siku kijiji hicho kikipata msiba?

DADA: Hapo ndipo nitawahesabu, Mzee. Jembe lipo.